Maneno ya Reli Jikoni kwa Mama Nirmala

Jumanne iliyopita tuliuchoma mwili wa Mama Nirmala kwa desturi yao ya Kihindu, na aliyelia kwa sauti kuliko wote ni mimi, mtu wa Tabora, mbele ya watoto wake watatu waliokaa wima kwenye mabenchi wakifuta macho kwa adabu. Sikujali. Kwetu mtu akifa analiliwa. Mwanawe mkubwa, Kirit, alinishika bega akaniambia kwa Kiingereza nitulie, nikamwambia kwa Kiswahili aniache. Alinielewa vizuri sana. Watoto hawa wanaelewa kila kitu, ila ukiwasemesha watakujibu Kiingereza mpaka kiama. Baadaye, tuliporudi nyumbani kwa marehemu, huko Queensbury, London, kunywa chai, mkwe mmoja akaniuliza mimi na Mama tulijuana vipi. Nikafungua mdomo nimweleze, nikaona jibu ni refu mno kwa kikombe kimoja. Basi naliandika hapa. Ni habari ya mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na tisa, na yaliyotangulia mwaka huo sitayagusa.

Chumba nilichopanga kwake kilikuwa juu ya jiko, kidogo, kitanda na meza, na kabati ambalo mlango wake haukufunga mpaka uupige kwa goti. Nyuma ya bustani zilipita treni za chini ya ardhi, ambazo huko Queensbury hazipiti chini ya ardhi hata kidogo, zinapita juani kama treni nyingine yoyote. Asubuhi niliamshwa na punje za haradali zikipasuka kwenye mafuta. Harufu ilipanda ngazi ikaingia kwenye makoti yangu, na mpaka leo nikiisikia mahali napata njaa na usingizi kwa pamoja. Chumba chenyewe nilikipata kwa bahati. Nilimkuta Mama dukani anagombana na muuza mboga, Kiingereza kikamwishia katikati, akamalizia, "Hizi bamia zimekomaa, bwana, utakula wewe!" Nikaangua kicheko. Akageuka akanitazama juu mpaka chini. "Wa wapi wewe?" Nikamwambia, "Tabora. Shikamoo." "Marahaba. Tabora ipi?" "Isevya." Aliniwekea kapu lake mkononi nimbebee, na kabla hatujafika mlangoni kwake alikuwa ameshajua kwamba ninaishi na wenzangu wanne kwenye chumba kimoja, na ameshaamua kwamba sitakaa huko tena.

Alizaliwa Tabora mwenyewe, akaolewa huko huko na stesheni masta, Mhindi mwenzake, na kabla ya kuhamia Uingereza waliishi miaka mingi katika nyumba za reli, kwenye stesheni ndogo ambazo ukuta wa jiko ndio huo huo ukuta wa ofisi. Nilipohamia kwake mumewe alikuwa ameshafariki. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, ila herufi ya "w" ilikuwa inamponyoka, akaniita "vee Chausiku". Mimi wakati ule nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye ufagio. Nilikuwa nimesafisha mabehewa miaka miwili, kisha kampuni ikanichukua kujifunza kazi ya chumba cha signali, kwa wale wanaokaa mbele ya skrini na simu wakiamua treni ipi ipite na ipi isubiri. Mafunzo yalikuwa Croydon, upande wa pili wa London, na mtihani wake ulikuwa wa sehemu mbili, wa kuandika na wa kupokea ujumbe kwa simu. Ulipewa nafasi tatu. Ukianguka ya tatu, unarudi kwenye ufagio. Mimi ufagio siuonei haya. Lakini nilikuwa nimemwacha mwanangu Mwasiti kwa mama yangu akiwa na miaka miwili, sasa anakaribia sita, na mwanasheria aliniambia bila kuficha kwamba kwa kazi ya usafi ya wiki kwa wiki maombi ya kumleta yangekataliwa, na kwa kazi ya signali yangepita. Kila Jumapili nilimpigia simu. Alikuwa ameanza kunijibu kama anavyojibiwa mgeni: sijambo, asante, shule nzuri. Ilinichoma kuliko kama angelia.

Sasa, maneno. Reli ya Waingereza ina maneno mawili kwa kila kitu, na ole wako ukidhani ni kitu kimoja. Croydon kuna tramu, na mahali inapopakia watu huruhusiwi kupaita stesheni. Ni kituo tu, stesheni ni ya treni. Njia zao zinaitwa ya juu na ya chini, na wala haihusiani na mlima: ya juu ni ile inayoelekea London, hata kama treni inateremka. Mimi kichwani mwangu kupanda ni kwenda bara, kushuka ni kwenda pwani, kwenye jiji kubwa, kwa hiyo wiki ya kwanza treni zangu zote za London nilizipeleka baharini, darasa likacheka mpaka likakohoa. Kuna njia ya haraka na njia ya polepole, na treni ya mbio ikipitishwa kwenye ile ya polepole, njia inabaki ya polepole. Treni iliyosimama si treni iliyoegeshwa. Treni iliyopita si treni iliyofika. Imefika pale tu unapoona taa ya mkia, ukajua hakuna behewa lililobaki nyuma. Na baya kuliko yote ni blokeji na pozesheni. Katika yote mawili treni hazipiti na mafundi wako relini. Nilimwuliza mwalimu wetu, Bwana Tilling, tofauti iko wapi, naye akanisomea kitabu, na kitabu ndicho nilichokuwa sikielewi.

Jioni nikamweleza Mama, yeye anakanda unga wa chapati. Hakuinua hata macho. "Mbona rahisi. Hii sufuria nimeifunika. Kuna kitu kinaiva ndani, sipiki kingine, lakini imekaa jikoni kwangu, kwenye moto wangu. Fundi akisema tayari, naifunua. Hiyo ndiyo blokeji yako. Sasa tuseme sufuria nimemwazima Mama Shah hapo jirani. Naiona dirishani kwake. Naweza kwenda kuichukua?" Nikasema, "Huwezi." "Kwa nini, si yangu?" "Ni yako, lakini sasa iko mkononi mwake." "Mpaka?" "Mpaka airudishe mwenyewe." "Na aseme, hii hapa, nimemaliza. Basi. Hiyo ni ile nyingine." Nikamwuliza amejulia wapi. Akasema ofisi na jiko vikichangia ukuta, mke anajua reli na mume anajua chumvi. Kuanzia siku hiyo tukawa tunasoma kitabu changu kila jioni, yeye anakaanga, mimi natafsiri, na kila maneno mawili akayapatia vyombo vyake vya jikoni. Nilipofanya mtihani wa kuandika niliongoza darasa. Vijana wa Kiingereza waliozaliwa na reli mlangoni niliwaacha nyuma.

Kwenye simu nikaanguka. Machi nikaanguka, Juni nikaanguka. Bwana Tilling alikuwa mzee wa nyusi nyeupe, mpole, wa kukuvutia kiti, na upole wake ndio ulionimaliza. "Chausiku," alisema baada ya mara ya pili, "sina hakika kama unazielewa tofauti za maneno haya." Mimi! Niliyeongoza! Nilipanda treni kutoka Croydon nimefura kama andazi, na nilipofika nyumbani hasira zikawa zimegeuka maji. Nikakaa kwenye ngazi gizani, viatu mkononi, nikilia bila sauti. Sebuleni Kirit alikuwa amekuja kumwona mama yake. Nikamsikia anauliza, kwa Kiingereza chake, kama yule mpangaji akianguka tena ataondoka, maana chumba kile angependa kuweka vitabu. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Kisha Mama akajibu kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ambayo sasa najua aliikusudia ifike kwenye ngazi: "Chausiku haanguki tena. Vitabu vyako peleka kwako. Kula." Kirit alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alikula.

Kesho yake Mama akaniamuru nipande chumbani na simu ya mkononi, nimpigie ile ya mezani iliyokuwa ukumbini. Yeye atakuwa fundi wa njiani, mimi signali. Nikapiga. "Nina watu wanne relini," akasema, "njia ya chini, kuanzia darajani mpaka stesheni." Nikajibu, "Ndiyo, Mama." "Nitamaliza saa saba." "Haya, Mama." "Umesikia?" "Nimesikia, Mama." Nikasikia ndala zinapanda ngazi, tap, tap, mlango ukafunguliwa. "Ndivyo unavyomjibu yule mwalimu?" Nikasema ndivyo. "Kitabu kinasemaje?" Nikamwambia kinasema nirudie ujumbe wote neno kwa neno, yeye athibitishe, nikisikia kosa nimkatize. "Sasa mbona hurudii?" Nikatazama kapeti. Nilikuwa narudia, nikamwambia, lile neno la mwisho, kwa sauti ndogo. Mengine nilikuwa nayafunika kwa yes sir, okay sir. "Kwa nini?" Ikabidi niseme, ingawa niliona haya. "Mama, yule ni mtu mzima. Nikimrudishia maneno yake naona kama namfuatiza."

Mtu aliyelelewa kwetu hahitaji maelezo hapo. Mtoto anayerudia maneno ya mkubwa anamdhihaki, na shangazi yangu aliwahi kunizaba kofi la mdomo kwa kosa hilo hilo, halijatoka mpaka leo. Mkubwa akisema, unaitikia. Hukuelewa? Itikia, utauliza wenzako baadaye. Mkubwa akikosea, ndiyo kabisa, unatazama chini. Wakenya wawili waliokuwa nami kwenye mafunzo walikuwa vivyo hivyo, na sasa, nikiwa nimepita hamsini na mimi ndiye ninayefundisha, nawaona wanaokuja kutoka kwetu wakiitikia simu kwa heshima tele huku ujumbe umewapita pembeni. Wenzangu kazini husema hawa hawajui istilahi. Wanazijua. Nami nawapa dawa aliyonipa Mama, kwa kipimo kidogo zaidi, maana yeye alikuwa hana huruma.

Dawa yenyewe ilikuwa matusi. Kila jioni nilipanda chumbani, simu ikalia, na Mama akanipa ujumbe wa kurudia. "Mimi, Mama Nirmala, magoti yangu yamechakaa." Nikajikohoza. "Rudia!" "Wewe... Mama, jamani." "Rudia, msichana!" "Wewe, Mama Nirmala, magoti yako yamechakaa." "Sahihi. Mimi napika chumvi nyingi." "Wewe unapika chumvi nyingi." "Sahihi, na ni kweli. Mimi ni mzee, mbishi, na mwanangu Kirit amenirithi." Siku hiyo nililala kitandani nikicheka, yeye chini anacheka, simu mbili zimeachwa wazi. Kisha akaanza ubaya. Alinithibitishia vibaya kwa makusudi. "Leo tunapika dengu." Narudia: leo mnapika dengu. "Sahihi, leo tunapika choroko." Mimi, "Ndiyo, Mama." Ndala zikapanda ngazi. "Nimesema nini?" "Umesema choroko." "Na mwanzo?" "Dengu." "Ukaniacha?" Nikasema nilidhani amebadili mawazo. "Mimi nikibadili mawazo nitakwambia nimebadili. Ukisikia kosa sema hapana." Neno hapana, kwa mwanamke wa miaka sabini na tano anayenilisha! Lilichukua wiki mbili kutoka kooni.

Jioni moja ya Agosti nilimchokoza, nikasema hii reli yao inakuza mambo, choroko na dengu zote ni mboga. Tulikuwa mezani tunachambua mchicha, kwa sababu Ijumaa alitaka ugali, aliukumbuka kuliko alivyoikumbuka nyumba yake ya Tabora. Mikono yake ikasimama. Akaniambia kwamba walipokuwa vijana, kwenye stesheni moja ndogo, stesheni masta wa stesheni ya mbele alimpigia mumewe simu kabla ya saa sita. Kulikuwa na toroli la gange, la mafundi wa reli, njiani, watu wanne, treni isiachiwe mpaka wafike. Mume wake siku zote alirudia ujumbe kwa sauti, yeye jikoni akausikia kila mmoja, hata akiwa usingizini angeutambua. "Siku hiyo hakurudia. Alisema sawa, sawa, akaweka simu. Nikamsikia. Na nilijua kwa nini. Mimi ndiye niliyekuwa nimegonga ukuta, chakula kinapoa." Treni ikaachiwa. Watatu waliruka. Wa nne, Mzee Ramadhani, alichelewa, akapoteza mguu. Kila Idi mumewe alikwenda kumsalimia, akirudi hali chakula. "Hakujua kwamba nilimsikia. Na mimi sikumwambia. Miaka arobaini tumelala kitanda kimoja, yeye ana lake, mimi nina langu." Akaanza tena kuchambua. Nilitaka kumwambia haikuwa kosa lake, nikaona hilo litakuwa ni kuitikia tu. Nikamshika mkono wenye majani ya mchicha, naye akaniacha nimshike. Kisha akasema, "Kati ya sawa na yale maneno yenyewe, Chausiku, kulikuwa na mguu wa mtu. Sasa panda juu, nakupigia."

Mtihani wa tatu ulikuwa Septemba, asubuhi ya mvua. Waliniweka peke yangu kwenye chumba chenye meza, karatasi, saa ya ukutani na simu, na dirishani niliona tramu zikipita kwenye maji. Simu ikalia, Bwana Tilling kutoka chumba cha pili, akijifanya kiongozi wa mafundi. Akanipa ujumbe: watu sita, blokeji, njia ya juu ya polepole, kati ya signali mbili akazitaja namba, dakika arobaini. Nikavuta pumzi, nikamrudishia wote, watu sita, blokeji, njia ya juu ya polepole, namba kwa namba, kwa sauti ya mtu anayemwambia mzee wa watu kwamba magoti yake yamechakaa. Akasema, mpole kama kawaida yake, "Sahihi kabisa, Chausiku. Watu sita, njia ya chini ya polepole. Asante sana." Nilimwona kichwani mwangu, nyusi nyeupe, kiti anachonivutia. Ulimi ulikuwa tayari na yes sir yake. Ndipo nikawaona watu sita wamegeuzia treni mgongo, na nyuma yao nikamwona Mwasiti, nikajikaza. "Hapana," nikasema. "Hapana, bwana. Hiyo siyo njia uliyonipa. Ulisema ya juu. Njia bado haijafungwa, watu wako wasiingie. Anza upya." Nikasikia anacheka kidogo, cheko la mtu aliyefurahi kweli. "Njia ya juu ya polepole," akasema. Nami nikarudia. Alipoingia chumbani kunipa mkono alinikuta nimelaza kichwa mezani nalia, akadhani ameniumiza, maskini, akaenda kuniletea maji.

Karatasi zilichukua miezi mitatu, na Desemba Mwasiti akaja, ameshikwa mkono na mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akisafiri. Mama Nirmala aling'ang'ania twende wote uwanja wa ndege, na magoti yake yale. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kilichotokea. Mtoto alisimama mbele yangu, mrefu, meno mawili hana, akaniamkia vizuri, akanipa mkono. Basi Mama akainama akamwambia, "Vee Mwasiti, mmekula nini kwenye ndege? Kuku mbichi?" Kiswahili cha Isevya, kutoka mdomoni mwa bibi wa Kihindi mwenye koti la Kizungu. Mtoto akacheka mpaka mapengo yakaonekana yote, akaniachia mkono, akashika wake. Safari nzima mpaka Queensbury walizungumza wao. Mimi nilibeba sanduku. Nilikuwa na wivu, siwezi kusema uongo, na nilikuwa na shukrani, vyote kifuani pamoja, sikujua kipi nikishike.

Kwa siku nyingi hakuniita jina lolote. Alisubiri nimtazame ndipo aseme. Kwa Mama Nirmala alijifunza upesi kusema Mama, kwa sababu mimi ndivyo nilivyomwita, naye Mama akalipokea neno hilo kwa furaha, nilimwona. Sikuthubutu kumsahihisha mtoto. Jumapili ya pili tulikuwa jikoni wawili, Mama kwenye chapati, mimi nakata vitunguu, na Mwasiti juu chumbani akipigana na kabati. Tukasikia mlango unabamizwa, kisha sauti yake kutoka juu ya ngazi, ya kero, ya mtoto aliye kwao: "Mama! Hili kabati halifungi!" Tukageuka wote wawili. Mama Nirmala alikuwa ameshashika pazia la mlango, mguu mmoja nje. Akasimama. Akanitazama, macho yake yamejaa, akarudi kwenye jiko lake, akapindua chapati ambayo ilikuwa bado mbichi.

"Nenda," akasema. "Anakuita wewe."